Nilitoka kuugua, nikakataa ovataimu, nikashitakiwa uvivu kwa maneno ya mtani wangu: kisa cha karakana ya Nachingwea enzi za karanga

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu nyote. Kwa umri niliofikia, wa kuwaamkia mimi humu ndani ni wachache mno, hivyo shikamoo zenu nazipokea kabla hamjazituma. Marahaba.

Nimesoma humu mara nyingi vijana wakilalamika kwamba siku hizi mtu anaugua, anarudi kazini, anakataa ovataimu, halafu anaambiwa "performance" yake imeshuka, atafute pengine. Wanaandika kana kwamba balaa hilo limezaliwa juzi pamoja na simu za mkononi.

Si kweli! Mimi lilinipata Nachingwea, Mwingereza akiwa bado anapandisha bendera yake kila asubuhi.

Nimefanya kazi za ofisi maisha yangu yote na sina tabia ya kuongeza chumvi. Niliyoyaona nitasema niliyaona. Niliyoambiwa nitasema niliambiwa. Majina ya watu nimeyabadilisha, maana wana watoto na wajukuu. Hilo moja tu ndilo nimelibadilisha.

Basi kaeni vizuri.

Mimi ni mzaliwa wa Ruangwa, Mmwera kwa baba na kwa mama. Siku hizo Ruangwa haikuwa wilaya, na yule aliyeandika humu kwamba ilikuwa wilaya tangu ukoloni naomba arekebishe maandishi yake.

Ulipoanza mradi mkubwa wa karanga, mwishoni mwa miaka ya arobaini, Nachingwea iliumuka kama unga wa hamira. Pori liling'olewa kwa matrekta ya minyororo. Vumbi jekundu liliingia mpaka ndani ya ugali. Wamwera tulikuwepo, Wamakonde, Wamakua, Wayao, na Wangoni waliotoka Songea huko. Treni ilikuwepo pia. Asiyeamini kwamba Nachingwea ilikuwa na treni akaulize wazee, wachache bado tupo.

Mimi sikuajiriwa na mradi wenyewe. Niliajiriwa na mkandarasi mdogo aliyetengeneza matrekta yaliyoharibika. Jina lake silitaji, na hata nikilitaja hamtalikuta popote. Alikuja na vumbi, akaondoka na vumbi.

Kazi yangu ilikuwa karani wa stoo ya spea. Palikuwa na dirisha. Fundi anakuja dirishani, anasema anataka kitu fulani cha trekta fulani, nami nakimbia kwenye rafu, napanda ngazi, nashusha, namkabidhi. Spea za trekta la minyororo si sindano, wakuu. Kuna vyuma humo ndani ambavyo ukikibeba kimoja unakumbuka jina la nyanya yako.

Nilikuwa kijana, mwepesi, na nilikuwa nakimbia. Mafundi walikuwa hawasubiri. Niseme bila kujisifu: foleni dirishani kwangu haikuwepo.

Sasa nawatambulisha watu wawili, na hao ndio wenye kisa.

Wa kwanza ni msimamizi wa karakana, Mzungu. Sisi tulimwita Bwana Sasahivi, kwa kuwa katika Kiswahili chake chote, alichojifunza jeshini, neno alilolipenda lilikuwa "sasa hivi". Trekta itengenezwe sasa hivi. Chai iletwe sasa hivi. Mvua ilipochelewa tulikuwa tunamtazama tuone kama ataiamrisha nayo. Hakuwa mtu wa kupiga watu, haki yake nampa. Lakini alikuwa mgeni wa nchi, na kila alichokisikia alikichukua kama kilivyo, kama mtu anayepokea mzigo bila kufungua gunia.

Wa pili ni nyapara wetu. Nitamwita Ngonyani, jina ambalo Mngoni yeyote anaweza kulivaa. Alikuwa mtu mzima, amerudi kutoka vita vya Burma na kofia ya pama aliyoipenda kuliko mali zake zote. Hakuna aliyewahi kuigusa kofia ile.

Na Mngoni, wakuu, ni mtani wangu.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya vijana waliokulia mjini, ambao utani wanaujua kwa mpira wa Jumamosi tu.

Babu zao Wangoni walikuja kutuvamia. Babu zetu Wamwera walikimbilia milimani na mapangoni. Vita ikaisha, damu ikakauka, ukabaki utani. Mngoni atakutukana mbele ya watu nawe hukasiriki, unamrudishia. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha msibani na kushika kazi ambazo ndugu hawana nguvu ya kuzishika.

Tena mtani ana haki ya kushika kitu chako. Akikishika hupigani naye wala huendi polisi. Unakikomboa. Yeye anataja anachotaka, wewe unatoa, kitu kinarudi, watu wanacheka. Ukikataa kukikomboa, umejivunjia heshima wewe na ukoo wako.

Jambo la mwisho: mtani hamsifii mtani wake mbele za watu. Kumsifu ni kama kumuaga. Sifa zake utazitoa siku akiwa ndani ya sanda.

Nadhani tumeelewana. Tuendelee.

Kila asubuhi Ngonyani alipopita dirishani kwangu ilikuwa hivi.

"Mwera! Umeamka au umefukuliwa?"

"Nimeamka mapema, Mngoni. Nilikuwa nahesabu mbuzi wetu, nikaona mmoja hayupo, nikajua na wewe umeshaamka."

"Mvivu wewe! Wamwera wote wavivu! Mngekuwa na mbio tungewakuta wapi sisi?"

"Mlitukuta kwa sababu tulisimama kuwacheka mlivyovaa!"

Karakana nzima inacheka, nyundo zinaanza kulia, siku inakwenda. Bwana Sasahivi naye anapita na kiko chake mdomoni. Kumbe anasikia!

Kisha nikaugua.

Ilikuwa homa ya matumbo. Nilianguka stoo, nikapakiwa kwenye lori, nikapelekwa hospitali ya misheni. Nilikaa huko mpaka nikapoteza hesabu ya Ijumaa. Niliporuhusiwa nilipelekwa nyumbani Ruangwa kujiuguza, nikiwa mifupa iliyovalishwa shati. Nywele zilinipukutika zote. Homa ile ndiyo tabia yake, asiyejua na ajue.

Mama yangu alikuwa akinilisha uji wa mtama kwa kijiko kama mtoto. Nilipoanza kusumbuka kuhusu kazi alinikata kauli: "Kazi haifi, mwanangu. Anayekufa ni mtu. Kunywa."

Siku moja likapita lori la kwenda Namungo, dereva akasimama kwetu. Akanipa fundo la sukari na majani ya chai, akasema limetoka kwa nyapara Ngonyani, pamoja na salamu hizi, naziandika kama nilivyopewa: "Mwambieni Mwera asife kwanza. Sanduku lake la nguo mimi ndiye mrithi, na bado sijapata nafasi ya kulifuata."

Nilicheka mpaka mama akaja mbio akidhani nimepandwa na homa tena. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu niugue.

Nimerudi, wakuu. Nilikuwa nimekwenda kuswali.

Naona mmoja wenu ameandika neno moja tu hapo chini: "chai". Kijana wangu, mimi nimestaafu na sidai chochote kwa mtu. Nina sababu gani ya kukutungia uongo mchana wote huu? Soma au pita.

Nilirudi kazini na cheti cha daktari wa misheni. Cheti kilisema nifanye kazi nyepesi na nisizidishe saa mpaka nguvu zirudi. Bwana Sasahivi alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni.

Ngonyani aliponiona dirishani alivua kofia akaigonga kwenye goti.

"Njooni mwone! Misheni wameturudishia nusu ya Mwera! Nusu nyingine ameila nani?"

"Homa. Wangoni nimewaachia mchuzi," nilijibu, sauti yenyewe haitoki.

"Na nywele? Umeweka rehani kwa Mhindi? Kichwa kimebaki kama yai la kanga. Mvivu wewe, hata nywele zimechoka kukaa na wewe!"

Watu walicheka wakashika matumbo. Lakini alipokuwa akicheka alikuwa ananitazama miguu, na miguu yangu ilikuwa inatetemeka.

Sasa ukweli wa kazi, maana nimeahidi kuweka mambo wazi. Nilikuwa nimepungua kasi. Nilikuwa napanda ngazi, nafika katikati, nasimama kupumua. Vyuma vizito nilikuwa navikokota sakafuni badala ya kuvibeba. Foleni ikaanza. Mafundi walipiga mluzi dirishani. Spea niliyotoa ilikuwa sahihi, ila ilichelewa. Ngonyani alimwomba Bwana aniwekee mtu mmoja wa kupanda ngazi kwa muda. Bwana akasema hakuna watu.

Hapo hapo msimu ukawa unakaribia, matrekta mengi yamelala, na Bwana Sasahivi akatangaza ovataimu ya Jumamosi mchana kutwa. Alisema anayetaka abaki. Nasisitiza hilo: ANAYETAKA. Wazima walibaki kwa furaha, maana kulikuwa na nyongeza.

Siku ya Ijumaa Ngonyani alipita dirishani, akainamisha kichwa ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani.

"Kesho usibaki," alisema. "Nimekuona jana nyuma ya mapipa umeshika ukuta. Ukibaki tutakuzika."

Basi Jumamosi nilikwenda kwa Bwana, nikavua kofia, nikasema kwa adabu: "Bwana, kazi ya saa zangu nitaifanya. Ya ziada naomba unisamehe mpaka mwili upone. Cheti cha daktari unacho."

Akanitazama kichwa changu cha yai.

"Wewe nataka kazi ama nataka kulala?"

"Nataka kazi, Bwana. Ndiyo maana nataka kupona."

"Daktari hapana tengeneza trekta," alisema. "Wewe mwisho wa mwezi, kwisha. Mimi taandika: mvivu."

Wakuu, neno hilo!

Labda hamwelewi uzito wake. Kuachishwa kwa sababu kazi imeisha ni jambo la kawaida, unapewa barua nzuri unakwenda kwa mwingine. Lakini barua iliyoandikwa "ameachishwa kwa uvivu" ilikuwa kaburi. Mimi ndoto yangu ilikuwa kuingia boma kama karani wa serikali. Hakuna boma katika Jimbo zima la Kusini lililokuwa likimpa kalamu mtu mwenye barua ya namna hiyo. Ningerudi Ruangwa kushika jembe nikiwa na mwili usioweza hata jembe.

Nililia. Sioni aibu kuandika.

Jumatatu Ngonyani akaniambia habari iliyonifuta machozi: Bwana Leba anakuja. Ndivyo tulivyomwita ofisa wa kazi wa serikali, aliyekuwa akizunguka kukagua makampi na kusikiliza malalamiko. Huyu alikuwa Mzungu mzee, amekaa nchini miaka mingi, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yenu humu, mnisamehe.

Nilinyoosha kanzu yangu, nikapiga ule mwendo hadi kambini kwake, nikapumzika mara kadhaa njiani, nikaeleza. Alisikiliza. Akasema, "Nitakuja karakana Alhamisi. Tutasikiliza pande zote mbili, mbele ya watu."

Alhamisi ikafika!

Meza iliwekwa nje ya karakana. Mafundi walisimamisha kazi, wengine walikaa juu ya minyororo ya matrekta, wengine walisimama na spana mikononi. Wapishi walitoka jikoni. Mpaka mama mmoja aliyekuwa anapita na mihogo ya kuuza kutoka Chiola aliitua chini akakaa juu ya gunia lake.

Bwana Leba akauliza: "Kosa lake ni nini?"

Bwana Sasahivi akasimama. Akasema foleni ni ndefu. Nikaulizwa, nikakubali kuwa ni ndefu, nikaeleza sababu. Akasema nilikataa ovataimu. Nikakubali, nikaeleza sababu, cheti kikatolewa mfukoni mwake kikasomwa. Mpaka hapo nikaanza kuvuta pumzi.

Ndipo akatoa alichokuwa amekificha.

"Si mimi peke yangu," alisema, na ilionekana ana uhakika na jambo lake. "Nyapara wake, kila siku asubuhi, nasema huyu mvivu. Mimi nasikia kwa masikio yangu. Kila siku! Watu wote nasikia. Watu nacheka huyu kwa uvivu wake."

Wakuu! Watu walitazamana. Hakuna aliyecheka, maana kilichotokea kilikuwa kikubwa mno kuchekwa. Yule bwana alikuwa ameokota utani wetu wote, asubuhi baada ya asubuhi, akauweka kama ushahidi!

Ngonyani akaitwa mbele ya meza.

"Wewe nasema huyu mvivu?" Bwana Sasahivi akamuuliza. "Ndiyo ama hapana?"

"Bwana, hilo neno lina..."

"Ndiyo ama hapana!"

Nilimwona Ngonyani akirudi nyuma hatua moja. Mtu aliyepita katikati ya risasi Burma! Akisema hapana, ni mwongo mbele ya karakana nzima, na unyapara wake unakwenda. Akisema ndiyo, ameniua. Na kunisifia palepale mbele ya watu hakuweza, kwa desturi niliyowaeleza. Ulimi wake ulikuwa umefungwa pande zote.

"Ndiyo, Bwana," alisema, macho chini. "Nasema."

"Basi!" Bwana Sasahivi akakaa. "Kwisha."

Bwana Leba alikuwa anashika kalamu.

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Nadhani niliona kwamba mimi nimeshakufa, na maiti haina cha kuogopa. Nilipiga hatua mbele, nikanyoosha mkono, nikaivua kofia ya pama kichwani kwa nyapara wangu, nikaivaa mimi. Ilinizama mpaka kwenye nyusi, kwa kuwa hakukuwa na nywele za kuizuia!

Bwana Sasahivi aliruka kama aliyekalia siafu. "Tazama! Tazama! Huyu naiba mbele ya serikali!"

Lakini Ngonyani alikuwa ameinua uso. Alinitazama. Kisha akaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka kijiji cha Mkotokuyana.

"Mwera umenishika!" alisema. "Ee, umenishika pabaya!"

Na kutoka juu ya matrekta sauti moja ikalipuka: "Komboa!" Nyingine ikaitikia: "Komboa!" Spana zikaanza kugongwa kwenye vyuma. Komboa! Komboa! Yule mama wa mihogo naye amesimama, anapiga vigelegele, na wala hakujua kesi inahusu nini!

Bwana Leba hakuita askari. Aliweka kalamu chini. Niliona masharubu yake yakicheza.

"Nyapara," aliuliza taratibu, "huyu ni nani wako?"

"Mtani wangu, Bwana mkubwa. Yeye Mmwera, mimi Mngoni."

"Na amekushika kofia."

"Amenishika."

"Unataka nini?" Bwana Leba akanigeukia mimi. "Ikombolewe kwa nini? Kuku?"

"Sitaki kuku," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia. "Nataka neno moja la kweli, lisilo na utani ndani yake. Aseme mimi ni mfanyakazi wa namna gani. Akimaliza, kofia yake hii hapa."

Mnaelewa, wakuu? Sasa hakuwa ananisifia. Alikuwa analipa! Desturi iliyomfunga ulimi ndiyo iliyomfungua.

Ngonyani alisimama wima kama askari, kichwa wazi juani.

"Bwana mkubwa, utani nimeuweka chini," alisema. "Huyu kabla ya kuugua alikuwa anakimbia mpaka mafundi walikuwa wanamwambia pole. Sasa hakimbii, hawezi. Anapanda ngazi nusu, anapumua. Lakini hajampa mtu spea isiyo yake, na hajaondoka dirishani kabla ya saa. Niliomba mtu wa kumsaidia, sikupewa. Ovataimu, mimi ndiye niliyemwambia asibaki. Kama ni kosa ni langu."

Akavuta pumzi.

"Na hilo la uvivu. Mimi nilianza kumwita mvivu siku ya kwanza alipofika hapa, wakati anakimbia kuliko sisi wote. Kama neno langu ni ushahidi, mngemfukuza siku ile akiwa mzima."

Bwana Leba akamgeukia Mzungu mwenzake, na akamuuliza kwa Kiswahili, nadhani makusudi, ili sote tusikie.

"Kabla ya ugonjwa, ulikuwa unasikia nyapara akimwita mvivu?"

"Ndiyo. Kila siku."

"Na kazi yake wakati huo ilikuwaje?"

Bwana Sasahivi akatazama kiko chake kana kwamba jibu limo humo.

"Mzuri," alisema mwishowe. "Mzuri sana."

Karakana ililipuka! Sijawahi kusikia kelele ile tena, hata siku ya Uhuru, na siku ya Uhuru nilikuwepo uwanjani nimevaa tai. Spana, nyundo, mabati, kila kitu kiligongwa. Nilivua pama ile, nikaipangusa vumbi kwa kiwiko, nikamvisha mwenyewe kwa mikono yangu miwili.

"Mwera," aliniambia sikioni, "ukinifanya tena nikuseme vizuri mbele za watu, nitakuua mimi mwenyewe."

Hukumu ilikuwa fupi. Sifukuzwi. Awekwe mtu wa kupanda ngazi mpaka nipone. Ovataimu ni ya hiari, na mwenye cheti cha daktari asiulizwe mara ya pili. Bwana Sasahivi alisikiliza, akanitazama, akasema: "Haya. Kazini. Sasa hivi."

Hakuniomba radhi siku ile wala siku nyingine yoyote. Naliandika hilo kwa kuwa ni haki liandikwe.

Mdau mmoja hapo juu ameuliza kwa nini sikumshitaki mwajiri nikalipwa fidia. Mjukuu wangu, Mmwera amshitaki Mzungu, Nachingwea, enzi zile? Kubaki kazini ilikuwa ndiyo fidia yenyewe, tena ya kusimuliwa.

Nguvu zilirudi kabla ya mavuno, nikaanza kukimbia tena. Baadaye, kama mnavyojua, mradi wa karanga ulikwama, makampi yakavunjwa, na mkandarasi wetu akafunga virago. Tuliachishwa sote, safari hii kwa sababu kazi imeisha.

Bwana Sasahivi alituita mmoja mmoja na kutupa barua za tabia. Yangu alikuwa ameiandika mwenyewe. Nilitoka nje nikiishika kwa ncha za vidole nisiichafue, nikamkuta Ngonyani ameketi juu ya sanduku lake anasubiri lori la kumrudisha Songea. Nikamsomea: "Mwaminifu, hodari, mwenye bidii kubwa."

Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Uongo mtupu," alisema. "Mzungu amekusingizia."

Kisha akainuka, akanikumbatia, na tukabaki hivyo mpaka dereva akapiga honi. Hatukuonana tena katika dunia hii.

Barua ile iliniingiza boma. Nilianza kama karani mdogo, nikapanda ngazi za utumishi moja moja, nikastaafu nikiwa na heshima yangu kamili.

Na katika miaka hiyo yote ya utumishi, mafaili ya watu wa kufukuzwa yalipita mezani kwangu mengi. "Mzembe." "Hashirikiani." "Uwezo mdogo." Sikusaini hata moja kabla sijauliza: neno hili limesemwa na nani, lini, akiwa ana uhusiano gani na huyu mtu, na kabla hajaugua mlikuwa mnasemaje juu yake? Wakubwa wangu waliniona msumbufu. Waliniona sawasawa.

Funzo langu kwenu ndilo hilo. Unaporudi kutoka kuugua, cheti chako kiwasilishe kwa mkono wako mwenyewe. Ovataimu ukiikataa, ikatae kwa adabu na kwa sababu. Na wakikuletea maneno ya mtu kuwa ndiyo ushahidi, usibishane na neno. Mwite mwenye neno aje alieleze mbele za watu.

Ninyi mnaofanya kazi maofisini leo, hizo tathmini zenu zinaandikwa na nani, na je, anawafahamu? Wekeni hapa, nasoma yote, polepole kwa miwani.

Na Wangoni mliomo humu, najua mmesoma kimyakimya tangu mwanzo. Nimemsifu ndugu yenu mbele ya umma kwa sababu ameshatangulia, ni ruhusa. Ninyi mlio hai hamna lolote, wezi wa mbuzi wakubwa. Haya, jibuni.